Nabeba zege, nimerudia diwani niliyoikariri shule. Nisome nini tena?

zege_mbagala

Wakuu habari za jioni, na shikamoo kwa wakubwa wote mtakaopita hapa.

Mimi ni kibarua wa ujenzi, saa hizi tuko saiti moja huku Mbagala tunamwaga slabu. Juzi binti wa mama mwenye nyumba aliacha kitabu chake cha shule barazani, nikakiokota, kumbe ni Wasakatonge ya Muhammed Seif Khatib. Hiyo diwani ya mashairi naijua, nimeisomea mtihani kidato cha nne, nilikuwa nimekariri hoja zote, matabaka, ukombozi wa mwanamke, uzalendo, kila hoja na mfano wake, ukiingia kwenye pepa unamwaga tu halafu unasahau. Wakati ule ungeniuliza lile shairi lenyewe la Wasakatonge linasema nini ningekujibu "mwandishi anaonesha matabaka katika jamii", basi, imeisha hiyo.

Sasa nimelisoma nikiwa nimetoka kazini, bega limechubuka, saruji imekauka mpaka kwenye nyusi, nakuta anataja wabeba zege, anataja makuli, watu wanaojenga vitu ambavyo hawatavitumia. Nikalirudia pale pale nimesimama. Sijui niseme nini, lilinikamata tu.

Kesho yake nikawasomea wenzangu muda wa chakula. Wengine walinyamaza, mmoja akaomba nirudie, ila fundi wetu mkuu akaniuliza swali moja likanikwamisha: "Huyo aliyeandika alishawahi kubeba zege?" Mimi ninachojua ni kwamba yule alikuwa mwanasiasa, amekuwa waziri. Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo naomba msaada. Kuna washairi ambao wenyewe walikuwa watu wa kazi za mikono? Na mtu kama mimi asome nini tena, maana muda nilionao ni ule wa kwenye daladala na kidogo usiku, simu yangu kioo kimepasuka na mashairi mengi nikiyafungua nakuta maneno mazito nakata tamaa kwenye ubeti wa kwanza. Au ushairi ni mali ya wasomi, sisi tuachane nao?

---

mstaafu_wa_gati

Marahaba mwanangu. Mimi nimefanya kazi bandari ya Tanga ujana wangu wote mpaka nilipostaafu, kupakia na kupakua, enzi za katani, kwa hiyo hapa umenigusa.

Huyo fundi wako ameuliza swali zuri na jibu lipo. Mwambie kulikuwa na mtu anaitwa Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu mwaka 1933, amefariki 2021. Yule alikuwa mvuvi, amekuwa baharia kwenye majahazi, amebeba mizigo bandarini Unguja. Masomo yake yalikuwa ya chuoni, yaani madrasa ya Kurani, shule ya serikali hakukaa nayo sana. Na huyo huyo ndiye aliyetunga mashairi yaliyotoka kitabuni mwaka 1994, kinaitwa Kimbunga, na nyimbo nyingi za taarab unazosikia Zanzibar ni mkono wake. Ukimsoma anapoitaja bahari utajua kuwa hakuitazama dirishani. Anza na huyo kabla ya mwingine yeyote.

Shaaban Robert naye watu wanamtaja kama vile alizaliwa na joho la profesa, wakati alikuwa karani wa forodha, ameingia kazini 1926 akiwa kijana mdogo, akahamishwa huku na huku kama karani yeyote wa mkoloni, na kuandika akaandika baada ya saa za kazi. Karani si kuli, sawa, lakini ni mtu wa mshahara mdogo anayeamrishwa.

Halafu wapo ambao hawana vitabu kabisa, na hao ndio wengi. Gazeti la Mambo Leo lilianza 1923, na lilikuwa na nafasi ya mashairi ya wasomaji, baadaye Uhuru na Mzalendo nayo yakawa na kurasa zake. Walioandika humo ni walimu wa vijijini, makarani, askari, wakulima, mtu anaweka jina lake, sanduku la posta na mji, basi amekuwa mshairi. Mmoja anauliza fumbo, mwingine wa Kigoma anamjibu, wa Lindi anaingilia kati anawakosoa wote wawili, na majibu lazima yaende na bahari ile ile ya ushairi, yaani mpangilio ule ule wa vina na silabi, ukishindwa vina unaaibika nchi nzima. Ushairi huo hakuna profesa aliyetuletea. Na Azimio la Arusha la 1967 lilipotangazwa, Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA, chama cha washairi, walipeleka siasa kwa wananchi kwa ngonjera, watu wawili wanabishana kwa beti mbele ya umati, kwa sababu walijua umati unaelewa.

Pale gatini gazeti moja lilisomwa na genge zima. Tulikuwa na mwenzetu wa winchi, hajui kusoma hata herufi moja, lakini shairi akisomewa mara mbili analo, analighani mchana kutwa. Na ndiye aliyekuwa mkali kuliko sisi tulioshika gazeti. Ukiruka neno anainua kidole, "rudi hapo, umemeza kitu." Unarudi, unaangalia, kweli umemeza silabi. Sikio lake lilikuwa linahesabu mizani bila yeye kuhesabu.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu maneno mazito ni huu, usisome kwa macho. Toa sauti, hata ya chini chini kwenye daladala. Mstari wa tarbia, yaani shairi la mistari minne kila ubeti, una vipande viwili, ukifika katikati pumzika kidogo halafu umalizie, na kina cha mwisho ukivute. Neno moja usilolijua lisikusimamishe, pita nalo, ubeti ukiisha utakuwa umeshalikisia. Na dhamira achana nazo kwanza, hizo zitakuja zenyewe. Ubeti mmoja asubuhi unakutosha kutwa, utembee nao na ndoo yako.

---

fundi_cherehani_MSA

Salamu kutoka Mombasa. Mzee wa gati amesema vizuri sana, na mimi naomba niongeze ya upande wetu, maana hapo naona wanaume watupu.

Nimeshona kiwandani kwa miaka kabla sijajiajiri. Kwenye laini ile kuongea ilikuwa marufuku, ukikutwa unapiga domo na jirani unakatwa pesa, kwa hiyo saa nzima ni mashine tu zinalia na kila mtu na kichwa chake. Mimi kichwani nilikuwa na Mwana Kupona. Nyanya yangu alikuwa anausoma ule utenzi kwa sauti akiwa anachambua mchele, mpaka ukaniingia bila kufundishwa, na pale kiwandani nilikuwa naurudia kimoyomoyo, mishororo minne ya mizani nane nane, unakwenda sawia na mshono wa shati. Uliandikwa 1858, mama mgonjwa anamuusia bintiye. Sasa niseme wazi, mengi anayomwambia binti kuhusu mume mimi siyakubali, nimeolewa na nimeachika, sitamfundisha mwanangu hivyo. Lakini yule mama anajua anakufa na anamwita mwanawe akae karibu na wino na karatasi, hapo mimi huwa siwezi kupita hivi hivi, kila mara. Unaweza kubishana na shairi na bado ukalipenda, hili shuleni hawalisemi kabisa.

Kuhusu swali la fundi wako, mimi nadhani anauliza kitu cha haki lakini asikitumie kufungia watu mlango. Mshairi Abdilatif Abdalla hakufungwa kwa kubeba zege. Alifungwa 1969 hadi 1972 hapa Kenya kwa karatasi aliyoiandika kuikosoa serikali, na huko ndani akawa anatunga kwa siri kwenye karatasi za chooni, ndiyo yakatoka kuwa Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Jirani yangu alikuwa mpishi wa hoteli, hajawahi kukanyaga jela, na mashairi yale aliyajua mengi kwa moyo, alikuwa ananiambia "huyu anajua kukaa mahali usipoweza kutoka." Sasa huyo mpishi jela alikuwa nayo yake. Kimvita chake, Kiswahili cha Mombasa, kitakusumbua kidogo mwanzo kaka yangu, vumilia.

Na Muyaka, mshairi wetu wa zamani wa Mombasa, pia usimwache. Alikufa karibu 1840, na kitabu hakuacha, maneno yake yalibaki kwenye vinywa vya watu wa Mombasa mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah akaanza kuwazungukia wazee na kuyaandika. Kama wale watu wangesema ushairi si wa kwetu, leo Muyaka asingekuwepo.

---

dj_manzese

Mimi naona mnamzungusha jamaa na vitabu ambavyo hata kuvipata ni kazi. Mtu wa zege ana singeli, ana bongo fleva, vina viko humo, maisha yake yako humo, kila siku yanapigwa kwenye bajaji. Huo ndio ushairi wa wafanyakazi wa leo. Hayo mengine ni ya wazee na mitihani.

---

fundi_cherehani_MSA

@dj_manzese singeli sijaikataa hata kidogo, na wewe usiwakatae wa zamani, maana ni ukoo mmoja. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alizaliwa Fumba kule Unguja, familia ya wafinyanzi, alikuwa anatembea kwa miguu kuuza vyungu, kusoma hajui. Akaingia mjini akaimba, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodiwa santuri. Nenda kasikilize wimbo wa Kijiti, ni kesi ya kweli, mwanamke mgeni ameuawa, muuaji ametoroka, na waliokuja kutoa ushahidi ndio wakaumizwa na mahakama. Watu wa Ng'ambo, mtaa wa wanyonge pale mjini Zanzibar, walikuwa wanajua ile kesi na yeye akaiweka kwenye wimbo ili isizikwe. Sasa niambie hapo na kijana anayeimba leo kuhusu polisi na mgambo tofauti iko wapi. Ila kitabu kina kitu kimoja ambacho bajaji haina, unaweza kukirudia polepole, wewe peke yako, hakuna mtu anayekupigia kelele.

---

mlinzi_zamu_ya_usiku

Mzee wa gati nakuheshimu sana lakini kwenye vina na mizani naomba tupishane. Mimi ni mlinzi, nalinda yadi ya magari usiku. Niliokota Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kwa wauza vitabu vya mtumba, kimetoka 1974 na mashairi yake mengi hayana vina wala mizani ya kuhesabu, yalizua ugomvi mkubwa wakati ule, wengine wakasema hayo si mashairi kabisa. Mimi nilikuwa siujui huo ugomvi. Nilisoma tu, saa tisa usiku, na tochi ya simu, na niliona mtu anaongea na mimi bila kuniimbia. Ukiwa umechoka ile ya kuchoka mpaka akili, vina vinakubembeleza unalala. Haya mengine yanakuamsha, mstari unakatika mahali hukutegemea unabaki umekaa macho.

Na ni mafupi. Hili watu wa ofisini hawalielewi, riwaya mimi siwezi, kila dakika chache lazima nizunguke fensi, nikirudi nimesahau nani kamuoa nani. Shairi naondoka nalo, nazunguka nalo, narudi nalo. Kwa mtu wa kazi zetu hakuna maandishi yanayobebeka kama shairi, kwa hiyo ndugu wa zege usiachane nayo.

---

mstaafu_wa_gati

Mlinzi, mimi nilikuwa upande wa wale waliosema hayo si mashairi, na bado niko pale pale, hujanihamisha. Yaite maandishi mazuri, nitakubali. Ila umesema kitu kuhusu kuzunguka nalo na kurudi nalo, hapo niko na wewe kabisa.

---

ticha_kiswahili

Nafundisha kidato cha tatu na cha nne, nimesoma huu uzi nikaona niseme.

Mtoa mada amesema shuleni lile shairi halikumkamata, na sababu ni hii. Swali la mtihani linataka hoja tatu kutoka kila diwani, zenye mifano, na dhamira ndizo zinazotoa maksi. Mwanafunzi anajifunza haraka kwamba shairi ni ghala la hoja, unaingia unachota unatoka. Vitabu navyo, unakuta darasa zima nakala chache, wengi wanasoma noti za uhakiki na shairi lenyewe hawajawahi kulitia machoni. Mimi nimeanza kuwasomesha kwa sauti kwanza, wiki nzima bila neno dhamira kutajwa, na wakaguzi wamenihoji kwa nini niko nyuma ya azimio la kazi. Nitaendelea hivyo hivyo.

Lakini pia umri. Mtoto wa miaka kumi na saba anayeletewa chakula na mama yake, zege kwake ni neno. Wewe umelibeba ndiyo ukalisoma. Sidhani hilo ni kosa la mwalimu wako wala lako.

Kuhusu kupata vitabu, uko Dar, nenda Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi, uulizie rafu ya ushairi wa Kiswahili. Wengi wanadhani ni ya wanafunzi tu, si kweli, ni ya kila mtu, na unaweza kukaa humo kutwa nzima siku huna kibarua. Hakuna atakayekuuliza una digrii ya nini. Vya mtumba vinapatikana kwa wale wanaopanga vitabu chini mjini, uwe na subira ya kupekua.

---

zege_mbagala

Jamani asanteni sana, sikutegemea. Nimewasomea wenzangu habari ya Haji Gora, fundi mkuu amesema "sawa, huyo mlete." Kwa hiyo Jumapili naenda maktaba kukitafuta Kimbunga, na huyo wa Kichomi nitamtafuta pia, mzee wa gati utanisamehe.

Mzee, nimejaribu ile ya kusoma kwa sauti kwenye daladala, kwa chini chini kama ulivyosema, na ni kweli kabisa, yale niliyokuwa naona mazito yanapita. Sasa limenitokea jingine, tangu jana maneno yananijia yenyewe nikiwa na ndoo, nikapanga ubeti mmoja kichwani, nikauandika usiku. Naomba mnikosoe bila huruma:

*Zege nabeba begani, jua kali lanikuta,*
*Natoka mapema nyumbani, jogoo hajaniita,*
*Kumbe nimo kitabuni, shuleni nilijipita,*
*Msakatonge ni nani, si mimi ninayetweta?*

---

mstaafu_wa_gati

Mwanangu, nimeusoma kwa sauti, mke wangu akaja kuuliza nasoma nini.

Vina vyako vimekaa, ni na ta kuanzia juu mpaka chini, hakuna ulipokwepa. Mstari wa tatu sikuugusa na wewe usiuguse, uache hivyo hivyo. Shida iko mstari wa pili. Hesabu na vidole, na-to-ka ma-pe-ma nyu-mba-ni, hizo ni tisa, kipande kinataka nane. Yule mwenzangu wa winchi angeinua kidole hapo. Na "mapema" yenyewe haionyeshi kitu, kila mtu anajua maana ya mapema lakini haioni. Wewe unatoka kukiwa bado hakujapambazuka, si ndiyo? Basi sema:

*Natoka giza nyumbani, jogoo hajaniita.*

Na-to-ka gi-za nyu-mba-ni, nane. Na ukishafika kwenye jogoo, giza tayari tunaliona.

Ubeti mmoja si shairi, ongeza. Beti zinazofuata unaweza kubadilisha vina ukitaka, ila mstari wa nne uurudie kila ubeti kama kiitikio, unafaa kwa kazi hiyo. Na vile ni swali, kila ukirudi litakuwa linauliza kitu kingine kidogo.

---

zege_mbagala

Dah. "Natoka giza nyumbani." Mzee hiyo nimeihesabu mara ngapi sijui, inakaa. Nimeshasahihisha. Kesho nawasomea saiti nzima kabla hatujawasha mikisa.

---

fundi_cherehani_MSA

Mzee amemaliza ya ufundi, mimi nimeacha suruali ya mteja mezani ili nikujibu, ndiyo ada yetu, shairi haliachwi likae peke yake:

*Ubeti wako nasoma, cherehani ikinena,*
*Sindano inanichoma, na vidole vyasonona,*
*Mwenye jasho akisema, wenye jasho twaonana,*
*Leta wa pili mapema, tupate kujibizana.*